Vitambaa Vitatu vya Dereva

Dereva alikuwa na vitambaa vitatu, na ole wako uvichanganye. Cheupe kilikuwa cha kioo cha mbele, upande wa nje. Cha buluu kilikuwa cha taa. Cha tatu, kipande cha blanketi kuukuu, kilikuwa cha upande wa ndani wa kioo, pale pumzi za watu zinapoganda. Alivifua mwenyewe kwa sabuni ya kipande, akavianika kwenye kioo cha pembeni cha lori, na vikikauka alivikunja na kuviweka ndani ya mkebe wa biskuti chini ya kiti chake. Mikono yake aliifuta kwenye suruali. Suruali yenyewe ungeiona ungeapa kwamba mwenyewe analala gereji.

Jina lake ninalijua lakini silitaji. Usenge nzima, mji wetu mdogo wa kando ya ziwa, ilimwita Dereva, kana kwamba wengine wote walioshika usukani walikuwa wanajaribu tu. Alizaliwa wapi na baba yake ni nani, hayo kawaulize watu wa kwao. Mimi ninauza omena, wale dagaa wa ziwani. Kwa miaka tisa nilipakia magunia yangu kwenye lori alilokuwa akiendesha, nikaketi mbele pamoja naye mpaka Kisumu, na mara nyingi mpaka Nakuru. Upande wa kushoto wa uso wake ninaweza kuuchora nikiwa nimefumba macho. Upande wa kulia sikuujua sana.

Niseme mapema, usije ukafika mwisho ukasema nilikuficha. Mtu mmoja alikufa mbele ya lori hilo. Siku hiyo Dereva alikuwa haoni vizuri, nami nilijua, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Mjane wa marehemu hajui mpaka leo, na kama kuna mtu anayeninyima usingizi, ni huyo mama.

Siku yangu ya kwanza katika lori lile nilimkosea vibaya. Tuliondoka Usenge asubuhi, na kabla hatujaliacha ziwa tukaingia katikati ya wale wadudu wa ziwa, wadogo kama mbu ila hawaumi, wanaopanda kutoka majini kama moshi. Walikuja wakakigonga kioo mpaka kikawa kijivu. Dereva mgeni hapo huwasha waipa, na akiwasha waipa amekwisha, maana wale wadudu husagika wakawa uji, na uji ule ukipigwa na jua huoni hata boneti yako mwenyewe. Yeye hakuwasha. Alipunguza mwendo, akaegesha, akashuka na mtungi kutafuta maji. Mimi nami, kwa kutaka kuonekana mtu wa maana, nikashuka upande wa pili, nikafungua leso yangu kiunoni na kuanza kufuta.

Leso ya mwenye omena! Nilikuwa nimejifunga ile leso tangu alfajiri nikijaza magunia, na omena, hata wakauke namna gani, wana mafuta. Dereva alirudi mbio, maji yakimwagika.

"We mama! Toa hiyo kitu! Toa! Unapaka mafuta kwa kioo yangu?"

"Nasaidia, Dereva."

"Unasaidia nani? Unaua mtu! Mafuta ya omena haitoki na maji, haitoki na nini. Mvua ikinyesha hapo, taa ya gari ingine ikupige, utaona nyota peke yake. Hujui?"

Sikujua. Tulikaa pale muda wa kupika maharagwe. Aliomba jivu kwenye boma la jirani, akaomba ndimu, akasugua, akasuuza, akasugua tena kwa gazeti kavu, na malori mengine yakitupita yakipiga honi za dharau. Nilikuwa na aibu, na hasira pia, kwa sababu soko halimngoji mtu. Hatimaye tukaondoka, tukafika Bondo.

"Nyar Usenge," akaniambia hapo, na ndilo jina aliloniita tangu siku ile, binti wa Usenge. "Leso yako ikae huko nyuma na magunia. Hapa mbele, hapana."

Kwa hiyo miaka tisa leso yangu ilisafiri nyuma, imefungwa kwenye gunia la juu.

Alikuwa na dawa zake. Taa zilizofifia na kuwa za njano alizisugua kwa dawa ya meno, na ingawa mke wake alilalamika kwamba watoto wanapiga mswaki kwa chumvi, taa za lori ziling'aa kama meno ya mtoto. Mvua ikikaribia alikata kiazi kibichi katikati na kukipitisha kwenye kioo chote, taratibu, ili maji yateleze yasishike. Kiazi kikikosekana alitumia tumbaku, ingawa havuti na hakuvumilia mvutaji. Upande wa ndani alipaka sabuni kavu kidogo sana, kisha akaisugua kwa lile blanketi mpaka isionekane, na hapo kioo hakipati ukungu hata mkiwa watu wanne.

Hata hivyo hakutaka watu wanne. Pumzi ndizo alizoziogopa kuliko polisi. Ukiingia lori lake siku ya baridi ulipewa masharti: usinywe uji wa moto, usiimbe, na kama ni lazima uongee, ongea ukiangalia dirishani. Siku moja alikubali kuwabeba akina mama watatu wa kwaya, walikuwa wanakwenda mazishini Kericho. Walipofika kwenye mlima wakaanza kuomba, na wewe unajua maombi ya akina mama wetu, yanatoka tumboni. Kioo kikawa cheupe. Dereva akaegesha kando ya barabara.

"Mama, Mungu anasikia hata ya moyoni," aliwaambia kwa heshima kabisa. "Tafadhali. Ama mshuke muombe hapo nje, mimi nangoja."

Walishuka. Waliomba nje katika baridi ile, wakarudi, tukaendelea. Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, naye hakuona cha kuchekesha.

Huko juu, Kericho na Londiani, Julai ina baridi ambayo watu wa ziwani hatukuumbiwa. Ukungu unashuka juu ya majani ya chai mchana kweupe, na mvua ya mawe inaweza kukufunikia boneti ikawa nyeupe kama iliyopakwa chokaa. Niliwahi kumwona akishuka chini ya mawe yale, amejifunika gunia tupu kichwani, akiyakwangua kwenye taa kwa kadi ya simu iliyokwisha kutumika. Nikamwambia arudi ndani asife. Akanijibu maneno ambayo alikuwa akiyarudia kila mara, na ambayo yalinichosha wakati ule.

"Taa si yangu. Taa ni ya yule anakuja."

Kwa sababu ya maneno hayohayo alikuwa kero kwa madereva wenzake. Malori yakipanga foleni kwenye mizani, yeye alishuka na kile kitambaa cha buluu akaanza kufuta taa za lori la mbele, kisha la mbele yake, bila kuombwa na bila salamu. Wengine walimshukuru. Wengine walimtukana, wakidhani anataka kitu. Yeye alihamia taa nyingine. Salamu zilimshinda mtu yule. Angeweza kumbeba mgonjwa wako bure mpaka hospitali Kisumu, na kesho yake akupite sokoni kama mti.

Na nyumbani kwake je? Nyumbani kwake dirisha la sebuleni lilikuwa na masizi ya miaka, ungeweza kuandika jina lako kwa kidole. Mke wake, mwanamke wa maneno machache lakini makali, aliniambia mbele yake: "Mimi ningezaliwa lori, ningefutwa." Dereva aliendelea kunywa chai. Nadhani alikuwa na uangalifu wa kiasi fulani tu moyoni, na wote aliumalizia barabarani. Alijisifu kitu kimoja tu maishani mwake, kwamba hajawahi kugonga mtu. "Hata kuku," alikuwa akisema. "Uliza barabara yote. Hata kuku."

Sasa nifike kwenye macho.

Ilikuwa Julai, kupita Kericho, na ukungu ulikuwa umeshuka. Aliegesha, akafuta kioo nje na ndani, tukaendelea. Baada ya muda mfupi akaegesha tena, akafuta. Mara ya tatu nikachoka.

"Dereva, kioo ni safi."

"Iko na ukungu."

"Ukungu uko nje."

Hakunisikiliza. Alifuta, akarudi, akaketi, akainama mbele mpaka kidevu kikakaribia usukani. Na hapo ndipo nilipotazama barabarani nikaona kwamba ukungu ulikuwa umekwisha kuondoka. Chai ilionekana kijani mpaka kule kilimani, na mchuma chai mmoja mwenye aproni ya njano ungeweza kumhesabia vifungo. Kioo kilikuwa kama maji ya kunywa.

"Ni macho?" nikamuuliza.

Aliendesha mpaka Londiani kabla ya kunijibu.

"Ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho ile ya kutoa. Daktari alisema ile imeenda imeenda. Hairudi."

"Na akasema nini kuhusu gari?"

"Alisema niache."

"Umemwambia mwenye lori?"

"Nimwambie ndio nifanye nini? Niuze omena?" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Naona, Nyar Usenge. Naona katikati. Kando ndio inapotea."

Hapo ndipo mtu mwema angeshuka. Mtu mwema angesema, Mzee, nakuheshimu, lakini leo tunaegesha hapa. Mimi nilifikiria magunia yangu. Malori mengine yaliniloweshea omena, madereva wengine walifungua gunia na kujigawia, na kwa miaka yote ile Dereva hakuwahi kunipotezea hata gunia moja. Nikachagua omena wangu. Nimetafuta neno lingine la kueleza jambo hili na sijalipata.

Nikamwambia: "Basi mimi nitakuwa nakwambia."

Tukaanza hivyo. Karibu mwaka mzima nilikuwa macho ya kando ya lori lile. "Boda kushoto." "Ng'ombe, wawili." "Mama na beseni, anavuka." "Matatu inasimama." Yeye hakuitikia, mguu wake tu ndio uliitikia kwenye breki. Tulizoea mpaka nikaanza kujivuna. Watu wa Usenge waliona ninavyomsindikiza hata safari ambazo sina mzigo mkubwa, wakasema tumekuwa wapenzi, na nikawaacha waseme, kwa kuwa uvumi huo ulikuwa na faida kuliko ukweli. Yeye naye alizidi kufuta. Alifuta kila tuliposimama, vitambaa vyote vitatu, kama mtu anayedhani kwamba siku moja kitambaa kitapita na ule ukungu utatoka. Nilimwonea huruma mpaka nikawa simwangalii akifuta.

Siku yenyewe tulitoka Port Victoria, kwa sababu Usenge omena walikuwa hawapatikani wiki ile. Nilikuwa nimepakia tangu alfajiri, mvua ikininyeshea. Tulipofika Maseno mvua ya mawe ikatukuta, tukaegesha karibu na maduka. Ilipokwisha, Dereva akashuka na mkebe wake. Wanafunzi waliokuwa wamejikinga barazani walimcheka, mzee wa suruali chafu anayesugua taa mchana. Alifuta nje, akafuta taa, akafuta ndani. Jua likatoka. Sijawahi kuona kioo safi kama kile.

Kutoka Maseno barabara inateremka kuelekea Kisian, na ziwa linaonekana chini. Nguo zangu zilianza kukauka mwilini, jua lilikuwa tamu, na mimi nikalala. Sisemi nilisinzia. Nililala.

Niliamshwa na mshtuko na mlio wa chuma. Lori lilikuwa limesimama mshazari.

"Ni nini?" Dereva aliniuliza. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. "Nyar Usenge, ni nini hiyo?"

"Ni mtu," nikasema.

Alikuwa mwanamume wa makamo aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya makaa, upande wetu wa kushoto, pembeni kabisa mwa lami. Dereva alishuka, akaja akipapasa ubavu wa lori mpaka akafika. Akapiga magoti juu ya makaa yaliyomwagika, akamgusa yule mtu usoni, shingoni, kifuani. Alikaa na mkono pale kifuani kwa muda. Kisha akasimama.

"Kioo iko aje?" akaniuliza.

Nilidhani amechanganyikiwa. "Kioo?"

"Imevunjika?"

"Haijavunjika."

"Ni safi?"

"Ni safi, Dereva. Ni safi kabisa."

Akaenda nyuma. Nilimsikia akipanda, akipapasa magunia yangu. Aliporudi alikuwa na leso yangu mkononi, mbichi kwa mvua na nzito kwa mafuta ya omena. Akapanda kwenye bampa na kuanza kukifuta kioo kwa leso ile, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, kwa utaratibu uleule wa siku zote, mpaka kikawa na utando wa rangi saba na jua likatawanyika juu yake. Miaka tisa nyuma na magunia, na sasa alikuwa akiikandamiza kwa nguvu zake zote. Watu walikuwa wameanza kukimbia kutoka mashambani.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Nyamaza," akasema, bila ukali. "Wewe ulikuwa abiria. Ulikuwa umelala. Sema hivyo. Si ni ukweli?"

Ilikuwa ukweli.

Polisi aliyekuja alikuwa mmoja wa wale wa barabara ile, anayemfahamu. Alipitisha kidole kwenye kioo, akakinusa, akamtazama Dereva.

"Mzee, wewe? Wewe na kioo chafu?"

"Ni mafuta ya omena, afande. Jua ilipiga, sikuona. Ni makosa yangu."

"Wewe unafutia hata watu wengine taa."

"Leo sikufuta."

Akanigeukia mimi. Nikasema nilikuwa nimelala. Aliandika, akafunga daftari, na hakuniuliza swali la pili. Mahakamani Kisumu Dereva alikubali kosa kabla hata hawajamaliza kumsomea. Hakuna aliyemwuliza juu ya macho, maana kioo kilikuwa kimekwisha kujibu. Walimfunga miaka miwili. Mkebe wa biskuti wenye vitambaa vitatu nilikuwa nimeutoa lorini siku ileile, kabla halijavutwa, na nikauweka chini ya kitanda changu.

Sikwenda kumwona gerezani. Kila mwezi nilisema nitakwenda.

Alipotoka nilimaliza majuma kadhaa nikijikusanya, kisha nikaenda kwake na sukari, majani ya chai na ule mkebe. Mke wake alinifungulia. Lile dirisha la masizi lilikuwa vilevile. Dereva alikuwa ameketi kando ya ukuta, amekonda, anatazama mahali pasipo na mtu. Kabla sijasalimu akageuza kichwa.

"Nyar Usenge. Bado unanuka omena."

"Macho yako je, Mzee?"

"Imeisha. Hata katikati."

Nikamwekea mkebe mapajani. Akaufungua, akavigusa vitambaa kimoja kimoja, akavitambua vyote vitatu kwa vidole. Hapo nikashindwa, nikalia. Nilipoweza kusema nikamwuliza kitu nilichokibeba muda wote ule, kwa nini alichukua leso yangu.

"Kioo ikiwa chafu, makosa ni ya dereva," akasema. "Kioo ikiwa safi, wanaanza kuuliza. Huyu mzee haoni? Alianza lini? Nani alikuwa anajua? Na hapo ndani tulikuwa wawili."

"Ningesema ukweli."

"Ungesema?"

Mke wake alikuwa akimimina chai, na nikasikia chai ikiacha kumiminika.

"Nilipotoka, nilienda kwa huyo mama," Dereva akaendelea. "Mke wa yule wa makaa. Ako na kibanda ya mboga pale barabarani, kabla ufike Maseno. Mtoto wangu alinipeleka. Alinipatia kiti, akanipatia chai. Nikamwambia pole. Nikamwambia kioo ilikuwa chafu. Hata yeye nikamdanganya. Alinyamaza, na mimi uso yake sikuona, sijui alikuwa analia ama alikuwa ananichukia." Akaufunga mkebe na kunirudishia. "Hiyo ndio inanisumbua. Jela haikunisumbua. Wewe uko na macho. Nenda umwambie ilikuwa safi."

Nimekwenda mara tatu. Kibanda kiko upande wa kushoto ukipanda, kina nyanya, sukuma wiki na vitunguu, na mwenyewe ni mama mwembamba mwenye sauti ya chini. Mara ya kwanza nilinunua kitunguu. Mara ya pili nilinunua kitunguu. Juzi, mara ya tatu, alikuwa amenizoea, akafuta stuli kwa upindo wa nguo yake na kunisogezea.

"Mama, wewe si mtu wa hapa," akasema. "Unatoka huko mbali unakuja kununua kitunguu moja? Unatafuta nani?"

Mkebe ulikuwa ndani ya mkoba wangu. Stuli ilikuwa safi.

"Napita tu," nikamwambia, nikampa pesa yake, na nikashindwa kumtazama usoni.